Wembe, Cheni na Hesabu ya Jioni

Wembe wa kunyolea ndevu una unene wa karibu milimita 0.1. Mafundi pikipiki wa Kurasini, Dar es Salaam, hawakuisoma namba hiyo popote, lakini wanaitumia kila siku, maana wembe ndio kipimo chao cha kuseti tapeti. Injini ikiwa imepoa, fundi anafungua kifuniko cha juu, anazungusha sumaku taratibu mpaka alama ya T ikae mkabala na mstari wake, anachezesha kwa vidole kuhakikisha valvu zote mbili zimelegea, kisha anapenyeza wembe kati ya skrubu na mkia wa valvu. Ukipita kwa kusuasua, anakaza nati. Kitabu cha Honda CG125, bibi wa pikipiki nyingi zinazopita Barabara ya Mandela, kinataka milimita 0.08. Wembe umezidi kwa milimita 0.02, na kwa injini iliyokwisha kuzunguka miaka kumi, hiyo si tofauti ya kugombania.

Siku moja, nikiwa nimekaa kwenye tairi kuukuu nangoja zamu yangu, nilimwona fundi akikaza tapeti mpaka wembe haupiti kabisa. Nilimuuliza kwa nini.

"Mzee wangu, mteja hataki kelele," alinijibu bila kuinua kichwa. "Ikipiga tiki-tiki ataniambia sijui kazi."

Mteja mwenyewe, kijana wa kijiweni, alipiga kiki, akasikiliza, akafurahi: injini ilikuwa imenyamaza. Wiki chache baadaye pikipiki ile ilikuwa haiwaki ikishapata moto mpaka isukumwe. Valvu iliyobanwa haifungi sawasawa. Moto unavuja pembeni yake, ukingo unaungua, na mgandamizo unapotea kidogo kidogo. Ile tiki-tiki aliyolipia iondoke ndiyo iliyokuwa dalili ya uzima.

Kisa hicho kinanirudia kila ninapowasikia watu wakijadili kwa nini pikipiki zetu hazifiki uzee. Jibu la kijiweni ni moja: ni za Mchina, na spea ni feki. Nusu ya jibu hilo naikubali. Nusu nyingine inanishinda, kwa sababu katika mtaa mmoja unaweza kukuta pikipiki ya Kichina ya miaka kumi na miwili inawaka kwa kiki ya pili, na jirani yake ya miaka miwili, ya kiwanda kilekile, inatoa moshi wa bluu kama pipa la kuchoma taka. Zote zinanunuliwa spea Kariakoo na zote zinanyweshwa petroli ya vituo vilevile. Tofauti iko kwenye saa moja ya matengenezo ya jioni: nani anayo, na anaitumia akiwa wapi.

Tuanze na chuma chenyewe, maana kinasingiziwa. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976, wakiilenga nchi ambako pikipiki hubeba familia nzima na gunia juu yake, na oili hubadilishwa mwenyewe akikumbuka. Katika injini nyingi za wakati ule kamshafti ilikaa juu kichwani, ikiendeshwa kwa cheni ndogo ya ndani inayotaka oili safi na kukazwa kwa wakati. Kwenye CG waliishusha chini karibu na krenki, ikawa inasukuma valvu kwa fito mbili za chuma. Mtambo ukawa mzito kidogo na wa kizamani kidogo, lakini mvumilivu. Hata cheni ya nyuma waliifungia ndani ya kasha zima ili mchanga usiifikie.

Viwanda vya China vilipoiiga injini hiyo, viliiga pamoja na huo uvumilivu. SanLG, T-Better, Fekon na majina mengine ambayo hata hayakumbukwi tena yaliingia nchini kwa wingi miaka ya 2000. Nyingi ndani yake ni ukoo uleule: tumbo la 56.5, mwendo wa pistoni 49.5, zote kwa milimita, au kubwa kidogo zaidi. Matokeo yake ni jambo ambalo watu wanalidharau kwa sababu wamelizoea. Bloku ya jina hili inakaa kwenye injini ya jina lile, kabureta inahama kutoka pikipiki ya mjomba kwenda ya mpwa, na fundi aliyejifunza moja amezijua kumi. Ukiwa na Honda XL ya zamani, zile zilizokuwa zikiendeshwa na mabwana shamba, una pikipiki bora kuliko hizi zote, ila ringi za pistoni utazitafuta mpaka uchoke. Iliyo rahisi kutengenezwa Dar es Salaam ndiyo hiyohiyo inayoitwa takataka. Boxer na TVS za India, ambazo sasa zimejaa vijiweni, zina kamshafti juu na cheni ndani, zinakwenda vizuri na hazili mafuta, lakini zinamtaka mtu anayejali oili kuliko CG inavyomtaka.

Pikipiki zenyewe zilikuja na sheria nyuma yake. Kubeba abiria kwa pikipiki kuliruhusiwa rasmi kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2009, kanuni za SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati ule, zikafuata mwaka 2010. Leo kazi hiyo iko chini ya mrithi wake, LATRA. Kabla ya hapo pikipiki ilikuwa mali ya mtu mmoja na kufuli lake. Baada ya hapo ikawa biashara ya watu wawili, mwenye chombo na mwenye kuendesha, na hapo ndipo ninaporudi kwenye ile saa ya jioni.

Anayeendesha kwa hesabu humpelekea tajiri wake elfu saba, elfu nane, hata elfu kumi kila jioni. Kinachobaki ni chake, na petroli ni juu yake. Oili kwa kawaida ni juu yake pia, au ni ubishi. Sasa jiulize, kijana huyu ana sababu gani ya kulaza chombo saa nzima ili asafishe chujio la hewa la pikipiki ambayo kesho anaweza kunyang'anywa? Kila dakika ya matengenezo inatoka mfukoni mwake na faida yake inakwenda kwa mwingine. Akiugua, anampa deiwaka, yaani dereva wa kumshikia zamu, na deiwaka anajali chombo kwa siku moja tu, tena siku yenyewe haijaisha. Tajiri naye anakaa mbali, huenda Mbagala, huenda Kinondoni, anaiona pikipiki siku ya kugombana. Kwa hiyo chombo chenye wenye watatu kinakosa mwenyewe.

Mkataba ni habari nyingine. Hapo kijana anapeleka fedha ya kila siku kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo, kisha kadi inaandikwa jina lake. Nimeangalia pikipiki za mikataba kwa miaka kadhaa sasa, na nadhani ninaweza kukisia umri wa mkataba kwa kutazama cheni. Miezi ya mwanzo cheni ni kavu, ina kutu na imelegea mpaka inapiga chuma. Miezi ya katikati imepakwa oili chafu. Miwili ya mwisho ndiyo utamkuta kijana kibarazani kwao saa mbili usiku, amewasha tochi ya simu ameibana kwa meno, anaisugua pingili kwa pingili kwa mswaki uliochovywa kwenye mafuta ya taa.

Na Kurasini cheni ina kesi ya kweli. Tumekaa kati ya mkono wa bahari na bandari. Hewa ina chumvi mchana na usiku, na tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016, zile mita 680 za kwenda Kigamboni, pikipiki za huku zinavuka juu ya maji ya chumvi mara nyingi kwa siku. Chini kuna malori, na vumbi la malori lina kila kitu ndani yake: mchanga, saruji, masizi. Masika yakija, madimbwi ya ndani ya mitaa yanafika kwenye ekseli. Spoku zinashika kutu, soketi za waya zinafanya ukungu wa kijani, na taa ya nyuma inazimika bila fusi kukatika. Wenzetu wa Kimara wana milima. Sisi tuna chumvi.

Basi cheni. Inatakiwa iwe na mchezo wa sentimita mbili hivi ukiipandisha na kuishusha kwa kidole katikati, mtu akiwa amekalia kiti. Ikikazwa sana inakula beringi za gurudumu na sili ya sproketi ya mbele, ikilegea sana inaruka. Oili chafu inalainisha kwa nusu siku, kisha inageuka gundi ya mchanga. Oili nzito mpya kidogo, ipakwe jioni cheni ikiwa bado vuguvugu, na ifutwe kwa kitambaa asubuhi, inatosha. Dhambi kubwa ya mtaani ni kukata pingili. Cheni ikishatanuka mpaka marekebisho ya nyuma yamefika mwisho, fundi anaondoa kipande, anaiunga, anakuambia "hii bado." Urefu umepungua kweli, ila kila pingili bado imetanuka, na haikai tena sawasawa kwenye jino. Mwezi mmoja baadaye sproketi ina meno ya papa, na sasa unanunua seti nzima ambayo ungeinunua mwanzo.

Chujio la hewa linatendewa vibaya zaidi. Kuna imani kwamba pikipiki "inabanwa pumzi", na ukiling'oa sponji itachanganya vizuri. Inachanganya kweli, kwa muda. Hewa ya Barabara ya Mandela inaingia na mchanga wake moja kwa moja kwenye silinda, ringi zinakwaruzwa, na moshi wa bluu unaanza. Sponji inaoshwa kwa sabuni na maji, inakaushwa kivulini, inadondoshewa oili na kukamuliwa kabla ya kurudishwa. Ni kazi ya mtoto wa darasa la sita, na ndiyo inayoamua kama injini itafunguliwa mwaka huu au miaka mitano ijayo. Sijawahi kuona fundi anayeipendekeza. Haina malipo.

Oili nayo ina ushirikina wake. Injini ya ukoo wa CG inachukua karibu lita moja, na lita hiyohiyo ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Gari lina oili zake mbalimbali, pikipiki ina moja inayofanya kazi zote. Ndiyo maana oili nzuri ya gari la kisasa inaweza kuiharibu: imetiwa dawa za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA. Imwage injini ikiwa ya moto, si baridi, uchafu utoke ukiwa umeelea. Halafu kuna kitu ambacho mafundi wengi wamekisahau. Injini hii haina filta ya karatasi. Ina wavu mdogo chini, na ndani ya kifuniko cha klachi ina bakuli linalozunguka pamoja na krenki na kutupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Nilipolifungua langu mara ya kwanza nilikuta ukuta wa tope jeusi mnene kama ugali wa mtama uliokauka. Hakuna aliyeligusa tangu pikipiki itoke kwenye boksi.

Ukiinusa oili unayoimwaga ikanuka petroli, sindano ya kabureta haifungi, mafuta yanashuka usiku kupitia silinda. Funga bomba la tanki unapolala. Na ikinuka mafuta ya taa, kisa ni cha zamani zaidi. Neno "uchakachuaji", yaani kuchanganya mafuta ya taa kwenye mafuta ya magari, lilipopata umaarufu mwanzoni mwa muongo uliopita, Kurasini ilikuwa karibu na kiini chake, kwa kuwa matangi mengi ya mafuta yako hapa na gati la mafuta liko hapa. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia alama kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusilipe. Vituoni hali ilibadilika sana. Chupa za kando ya barabara ni mambo mengine, na plagi yenye masizi makavu meusi kila baada ya siku tatu inakuambia umenunua wapi.

Nimesema saa ya jioni. Lazima niseme pia pale inapokoma, kwa sababu kutengeneza nyumbani kuna wapenzi wake na wapenzi hao wakati mwingine ni hatari. Mwenye spana namba 8, 10, 12, 14 na 17, bisibisi mbili na fila geji ya bei ya sahani ya chipsi, anaweza kufanya yote niliyoyataja. Nguvu ndiyo inayomponza. Bolti ya kumwagia oili imekaa kwenye alumini, na kila kijana anaikaza kana kwamba anafunga mlango wa benki, mpaka siku uzi unakufa na oili inadondoka njiani. Kaza mpaka ishike, kisha ongeza robo mzunguko. Krenki, kupanua bloku, kuchomelea fremu iliyopinda, shokapu za mbele zilizogonga lori: hayo yaende kwa mwenye mashine na kipimo. Breki ziko katikati. Kubadili breki shuu ni kazi ya nusu saa, ila anayezifunga kwa mikono yenye grisi atakuja kulielewa kosa lake kwenye mteremko. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zimejaa majeruhi wa pikipiki miaka yote hii, na ingawa mwendo kasi ndio unaotajwa kwanza, tairi la kipara na breki zilizokwisha zimo ndani ya hadithi nyingi.

Ufundi wa mtaani una heshima yake na sipendi kuudharau. Mwanahistoria Joshua Grace aliandika kitabu kizima, African Motors, kilichotoka mwaka 2021, akionyesha jinsi mafundi wa Tanzania walivyoyafanya magari kuwa mali ya hapa kwa kujifunza chini ya miti, kwa kuangalia na kushika. Wazee wa mtaa wangu wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokauka na spea hazipo, kabla serikali haijaruhusu mwaka 1984 watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za nje. Gasketi zilikatwa kwenye maboksi. Sili zilichongwa kwenye mpira wa tairi. Ustadi huo ulitokana na kukosa. Leo spea zipo tele na tatizo limegeuka: fundi amezoea kubadili kabla ya kupima. Plagi mpya, koili mpya, CDI mpya, na mwisho inaonekana kulikuwa na waya mmoja umeoza chini ya tanki. Chuo cha ufundi cha VETA pale Chang'ombe kiko umbali wa mwendo wa bajaji kutoka hapa, na VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini. Wanaokwenda wanarudi wakiwa na cheti, sawa, lakini tabia ya kupima kwanza ndiyo ambayo mteja ataiona.

Kuhusu spea feki sina mengi. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na inakamata. Mnunuzi naye ana macho. Beringi halisi ukiizungusha sikioni haina mchanga, na cheni nzuri ukiishika kwa ubavu haipindi kama nyoka. Na ukienda Kariakoo, beba ile ya zamani mkononi, hata ikichafua mfuko.

Kilichobaki ni mahali. Kutengeneza nyumbani kunataka nyumba, tena nyumba yenye ua, wenye kivuli na sakafu ambayo nati ikidondoka itaonekana. Kurasini imekuwa ikizipoteza nyua hizo. Sehemu kubwa ya Shimo la Udongo ililipwa fidia na kubomolewa kupisha miradi, na panapoota kontena hapaoti mwembe. Waliohamia mbali wamebeba spana zao. Waliobaki wanapanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji tisa, ambako mama mwenye nyumba hataki kuona tone la oili kwenye saruji yake, na namwelewa kabisa. Kwa hiyo kazi imesogea barabarani, kwenye vumbi lilelile inalotakiwa kulikwepa.

Fundi wangu, yule wa tapeti, amejibanza kando ya ukuta wa yadi ya malori. Hana ua, na injini iliyofunguliwa haitaki mchanga. Amejipangia utaratibu wake: kazi za kufungua bloku anazifanya alfajiri saa kumi na moja, umande ukiwa umelaza vumbi na foleni ya malori haijaanza. Anatandika khanga ya zamani, anapanga nati kwenye trei ya mayai kwa mpangilio alioziondolea, anafunika silinda kwa mfuko wa maziwa uliooshwa. Mara ya mwisho nilipokwenda nilimpelekea fila geji. Aliigeuzageuza, akachagua jani la 0.08, akaliweka juu ya wembe wake, akavilinganisha vyote viwili kwenye mwanga wa taa ya mlinzi.

"Kumbe nilikuwa karibu," alisema, akarudisha wembe mfukoni na kuendelea na kazi kwa lile jani.